Sumu inayochagua

Kwa msomaji wa magazeti wa Dar es Salaam, Pande ni jina la mahakamani. Mwaka 2006 wafanyabiashara watatu wa madini na dereva teksi waliuawa katika msitu wa Pande, ulio ng'ambo ya Mbezi, na jina lake likakaa kurasa za mbele kwa miaka. Kabla ya hapo wengi hawakujua hata uko wapi. Mpaka leo ukimwambia kijana wa bodaboda akupeleke Pande, hukosi kutazamwa mara mbili.

Wakemia wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine kabisa. Katika eneo hilo la kilomita za mraba 12 hivi huota mmea wa kichaka uitwao Uvaria pandensis. Jina lake la pili limetokana na msitu wenyewe. Mwaka 1987 Mayunga Nkunya wa Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha habari za molekuli waliyoitoa kwenye mmea huo, wakaiita pandoksaidi. Tangu siku hiyo mkemia wa Osaka au Chicago anayelitaja jina hilo anautaja msitu wa Dar bila kujua.

Pandoksaidi si dawa ya saratani. Hilo lisemwe mapema, maana magazeti yetu, pengine hata hili, yana kawaida ya kuandika "tiba yagundulika" kila mtafiti anaposhika jani. Ila ipo kwenye kundi la molekuli zenye ndugu maarufu. Mwaka 1968 Mmarekani Morris Kupchan alieleza krotepoksaidi, molekuli ya aina hiyohiyo iliyotoka kwenye mti wa Croton macrostachyus unaoota pia Afrika Mashariki, nayo ilizuia uvimbe kwa panya. Ndiyo maana mwanafunzi wa uzamili wa Mlimani, kama chuo hicho kiitwavyo, akipewa mada ya kufuatilia jamii ya Uvaria, msimamizi wake hajaokota jina tu njiani. Anajua ukoo.

Na ukoo wenyewe tunaula. Uvaria ni wa jamii moja na mstafeli na mtopetope.

Kuna biashara isiyohitaji maelezo marefu kwa mtu wa Temeke. Pale Mbagala Rangi Tatu, kama ilivyo kwenye vituo vingi vya daladala vya jiji hili, majani ya mstafeli hufungwa mafungu na kuuzwa pamoja na mlonge, mwarobaini na magome yasiyo na majina. Ukiuliza la kazi gani, utaambiwa sukari, presha, na siku hizi kansa. Anayeuza hadanganyi kwa makusudi. Ni kweli kwamba jamii ya mstafeli ina kemikali kali, mojawapo ikiitwa anonasini, na ni kweli kwamba zikimwagwa juu ya seli za saratani kwenye sahani ya maabara seli hizo hufa. Asichosimulia muuzaji ni kwamba mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha taarifa kutoka kisiwa cha Guadeloupe, ambako madaktari walikuta wagonjwa wenye kutetemeka na kukakamaa mithili ya ugonjwa wa Parkinson, wengi wao wakiwa walaji wa matunda na wanywaji wa chai ya majani ya jamii hiyo. Anonasini ikawa mshukiwa mkuu, kwa kuwa haiui seli za saratani peke yake. Huua na za ubongo.

Hapo ndipo somo lote lilipo. Chumvi nyingi huua seli za saratani. Spiriti huziua. Jiki huziua vizuri mno. Anayesomea kutafuta dawa ya saratani hafundishwi kutafuta kitu kinachoua, kwa kuwa vitu vinavyoua vimejaa tele hata chini ya sinki. Anatafuta sumu inayochagua.

Safari huanza kwa panga na mfuko. Mwanafunzi huingia msituni, Pande au Pugu au mbali zaidi, akiwa na mtu wa mimea anayejua kutofautisha kichaka hiki na kile kwa kunusa gome. Kwa miongo kadhaa mtu huyo alikuwa mara nyingi Frank Mbago wa hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Fungua makala za kemia ya mimea ya Tanzania, ushuke hadi sehemu inayoeleza mmea ulitambuliwa na nani, na jina lake utalikuta tena na tena. Bila mtu wa namna hiyo shahada nzima inaweza kujengwa juu ya kichaka kingine.

Gome hukaushwa kivulini, maana jua kali hubadilisha kemia yake. Husagwa. Unga hulowekwa kwenye methanoli siku mbili tatu, huchujwa, methanoli huvukizwa polepole, na kinachobaki ni utomvu mzito wa rangi ya kahawia unaonata kama gundi ya dukani. Kilo nzima ya unga imeishia kwenye kikombe cha chai. Utomvu huo humwagwa juu ya mrija mrefu wa kioo uliojazwa silika nyeupe, kisha vimiminika hupitishwa kutoka juu, kimoja baada ya kingine, na molekuli zikaanza kuachana: nyingine zina haraka, nyingine zinang'ang'ania silika. Mistari ya rangi hushuka, wa njano mbele, wa kijani nyuma yake. Mwanafunzi anakinga chini kwa vichupa, vichupa mia, mia mbili, kila kimoja na namba. Miezi inapita hivyo. Mwishoni, akibahatika, kwenye kichupa kimoja kuna fuwele nyeupe za miligramu nne, chache kuliko punje za sukari zinazobaki kwenye kijiko kikishakorogewa chai.

Miligramu nne ndizo tasnifu.

Muhimbili wana njia ya mkato ya kujua mapema kama utomvu una ukali wowote. Kitengo cha utafiti wa tiba asilia kilianzishwa hapo mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991, na sasa kiko chini ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS. Watafiti wake, akiwemo Profesa Mainen Moshi, wamepima mimea mingi ya waganga wa Tanzania kwa kutumia viumbe wadogo wa maji ya chumvi, jamaa wa kamba, wasioonekana vizuri bila lenzi. Mayai yao huagizwa nje. Chumvi ya kuwaangulia, hata hivyo, walikuwa wakiitengeneza wenyewe kwa kukausha maji ya Bahari ya Hindi waliyoyachota ufukweni Dar es Salaam. Viumbe kumi kwa kila kichupa, dozi mbalimbali za utomvu, saa 24, kisha mtu anainama na lenzi kuhesabu waliobaki hai. Kando yake kuna vichupa vya kulinganishia, navyo vimetiwa siklofosfamidi, dawa halisi ya saratani inayotumika wodini.

Siklofosfamidi yenyewe ina asili ya kutisha. Ni kitukuu cha gesi ya haradali iliyorushwa kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Madaktari waliona kwamba gesi ile inafagia chembe nyeupe za damu, na mwaka 1942 huko Yale, Marekani, wakamjaribia mgonjwa wa saratani ya tezi kemikali ya ukoo huohuo. Sumu ya vita ikawa dripu. Leo watoto wa Afrika Mashariki wenye uvimbe wa taya, ule ambao daktari Denis Burkitt aliueleza kutoka Kampala mwaka 1958, hutibiwa kwa dawa hiyo pamoja na vinkristini.

Vinkristini nayo ipo nyumbani. Lile ua la waridi au jeupe lenye petali tano linalopandwa uani Tandika na Sinza, lenye asili ya Madagaska, ndilo linalotoa vinkristini na vinblastini. Watu wa Visiwa vya Karibea walilinywa kama dawa ya kisukari. Watafiti wa Kanada waliolipima kwa ajili ya sukari hawakuona sukari ikishuka, wakaona chembe nyeupe za damu zikitoweka, na mwaka 1958 wakaieleza vinblastini. Vinkristini iliruhusiwa Marekani mwaka 1963. Uchaguzi wake ni wa kijeuri kidogo: huikamata seli inapotaka kugawanyika, na kwa kuwa seli za saratani hugawanyika ovyo, ndizo zinazonaswa zaidi. Seli za mizizi ya nywele nazo hugawanyika, ndiyo maana nywele hung'oka. Lakini asije mtu akachemsha ua hilo baada ya kusoma hapa. Gramu moja ya vinblastini huhitaji takriban nusu tani ya majani makavu, na daktari hupima dozi yake kwa miligramu.

Kuna hadithi nyingine ya pwani hii ambayo wanafunzi wa kemia wangepaswa kuisikia wiki ya kwanza ya masomo. Mwaka 1972 Kupchan yuleyule alichapisha maitansini, molekuli yenye ukali wa ajabu, kutoka kwenye vichaka vya jamii ya Maytenus. Taasisi ya Saratani ya Marekani ikahitaji malighafi kwa ajili ya majaribio, na wakusanyaji wakaenda Shimba Hills, kule juu ya Kwale nchini Kenya. Zaidi ya tani 27 za kichaka zilikatwa. Vichaka vilivyokomaa vya eneo hilo vikaisha, na waliporudi baadaye kutafuta vingine walihangaika kuvipata. Maitansini ilipofika kwa wagonjwa ikashindwa, maana iliwaumiza bila kuchagua. Kabati likafungwa.

Ilichukua miaka 41 tangu maitansini ichapishwe. Mwaka 2013 Marekani iliruhusu dawa ya saratani ya matiti iitwayo Kadcyla, ambayo ni ndugu wa maitansini aliyefungwa kwenye kingamwili. Kingamwili hutafuta seli zenye alama fulani juu yake, huingia, na ndani humo ndipo mzigo unapofunguliwa. Sumu ileile iliyoshindwa kuchagua ilipatiwa dereva anayejua anwani. Kwale hawakupata hata bango.

Si kwamba Watanzania wamekuwa watazamaji. Appolinary Kamuhabwa, mfamasia wa Muhimbili, alichapisha na wenzake mwaka 2000 matokeo ya kupima mimea ya tiba asilia ya Tanzania juu ya seli za saratani za binadamu: za shingo ya kizazi, za utumbo mpana na za ngozi. Masomo yake ya uzamivu aliyafanyia Leuven, Ubelgiji, akishughulika na haiperisini, kemikali ya mmea ambayo ikikaa gizani ni pole, ikimulikwa inakuwa kali. Wazo ni kuiingiza kwenye kibofu cha mkojo, kuiacha inywewe na uvimbe, kisha kuwasha taa. Sumu haifanyi kazi mpaka iamriwe na mwanga, na mwanga unaelekezwa pale tu panapotakiwa. Jaribio lake lilikuwa kwa panya. Baadaye Kamuhabwa alirudi nyumbani, akafundisha, na hatimaye akawa Makamu Mkuu wa MUHAS.

Seli zile za shingo ya kizazi alizotumia zinaitwa HeLa, na zimo kwenye maabara nyingi za dunia. Zilichukuliwa Baltimore mwaka 1951 kutoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, bila kuombwa ruhusa. Alifariki mwaka huohuo, seli zake zinaendelea kugawanyika. Ugonjwa uliomuua ndio unaoongoza hapa: kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na zaidi ya 10,000 kati yao walikuwa wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi.

Kipimo cha seli kina uzuri wake. Sahani ya plastiki ya ukubwa wa kiganja ina visima 96. Kila kisima kina seli, kila safu ina dozi yake ya utomvu. Baada ya siku mbili au tatu hutiwa rangi ya njano. Seli iliyo hai huila rangi hiyo na kuigeuza zambarau. Iliyokufa haina la kufanya, njano inabaki njano. Mwanafunzi anainua sahani kwenye mwanga na kusoma matokeo kabla hata ya mashine: zambarau, zambarau, zambarau iliyofifia, njano. Furaha huja hapo. Msimamizi mzuri huiharibu papo hapo kwa swali moja tu: sahani ya pili, yenye seli za kawaida zisizo na saratani, ikoje? Mara nyingi nayo ni ya njano.

Hapo mada imekwisha, au imehamia kwenye kichupa kingine.

Tatizo la Dar es Salaam ni kwamba hatua nyingi baada ya gome hufanyikia mbali. Seli zinataka joto la nyuzi 37 usiku na mchana, hewa yenye kiasi maalumu cha kaboni dayoksaidi, na naitrojeni ya kimiminika ya kuhifadhia akiba. Umeme ukikatika Ijumaa jioni, Jumatatu hakuna seli. Kujua umbo la molekuli kunahitaji mashine yenye sumaku kali, binamu wa ile MRI ya hospitalini. Soma makala za Mlimani za miaka ya karibuni uone waandishi wake: Dar es Salaam, Gothenburg, Uppsala. Mwaka 2021 timu ya namna hiyo ilirudi kwenye Uvaria pandensis ileile ya Nkunya, gome la shina na la mizizi, ikakuta molekuli mpya ambazo hazijawahi kuelezwa. Miaka 34 baadaye kichaka kilikuwa bado hakijamaliza maneno.

Kupeleka sampuli Sweden nako si kutia bahasha sanduku la posta. Kuna kibali cha utafiti kutoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Sayansi, Kijitonyama, na kuna mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema ni za nani na faida ikipatikana itagawanywaje. Wanafunzi hulalamikia makaratasi hayo, na makaratasi kweli huchosha. Lakini Kwale ya miaka ya sabini ilikatwa vichaka kabla mikataba ya namna hiyo haijawa kawaida.

Mafunzo ya kutibu kwa dawa zilizopo yamepiga hatua zaidi kuliko ya kutafuta mpya. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo kwenye majengo ya Wajerumani ya mwisho wa karne ya 19 na iliyopewa hadhi yake kwa sheria ya mwaka 1996, hushirikiana na MUHAS kufundisha madaktari bingwa wa saratani. Nchi za Afrika Mashariki zilipogawana vituo vya umahiri, Tanzania ilipewa moyo na mishipa ya damu, kituo kikajengwa Mloganzila; saratani ilikwenda Kampala. Na dawa zinazopita Bohari ya Dawa, Keko, kwenda wodini, kwa sehemu kubwa zimevuka bahari. Mnyororo mzima barani, kuanzia wazo hadi majaribio kwa watu, umejaribiwa zaidi Cape Town, kwenye kituo alichokianzisha Mzambia Kelly Chibale mwaka 2010, nacho kimeanzia kwenye malaria na kifua kikuu.

Ni haki kuuliza, basi, mwanafunzi wa miaka miwili ya uzamili anafaidika nini ikiwa dawa yenyewe haitaonekana kabla hajastaafu. Taksoli ilichukua miaka 30 tangu gome la mti wake lichumwe Marekani mwaka 1962 hadi iliporuhusiwa mwaka 1992. Hakuna bodi ya mikopo inayosubiri hivyo. Jibu la kazi lipo: wahitimu hawa huenda viwandani kupima ubora wa dawa, kwa mkemia mkuu, kwenye mamlaka za udhibiti, vyuoni. Jibu lingine hupatikana mtaani kwao, na halilipwi.

Mtu akishajulikana mtaani kuwa anasomea dawa, hagongewi mlango wa maabara, anagongewa wa nyumbani. Kisa cha kawaida, Mbagala au Goba, huwa hivi: mama jirani ana dada yake mwenye uvimbe kwenye titi, unauma miezi sita sasa, na ameletewa majani ya mstafeli kutoka shamba. Baada ya shikamoo na marahaba, mama anataka kujua kitu kimoja tu, achemshe kiasi gani. Mwaka 2011 huenda mama huyohuyo alipanda basi hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti cha mzee aliyeitwa Babu kwa shilingi 500, kwa hiyo kumcheka hakutamrudisha nyuma. Kumsomea habari za visima 96 nako hakutamsaidia.

Mwanafunzi anayejua kazi yake haanzi na majani. Anauliza uvimbe una ukubwa gani, ngozi juu yake ikoje, kwapani kuna kitu. Anajua kwamba wengi wanaofika Ocean Road hufika saratani ikiwa hatua ya tatu au ya nne, na kwamba miezi sita ni mingi. Anaandika kwenye karatasi jina la hospitali ya kuanzia ili wapate rufaa, anasisitiza iwe kesho asubuhi, si wiki ijayo, na anaomba namba ya simu ya huyo dada ampigie mwenyewe. Kisha, kwa kuwa ameulizwa, anasema la majani: yasinywewe pamoja na dawa za hospitali, na daktari aambiwe kama yameshanywewa.

Mama anaikunja karatasi na kuifunga kwenye pindo la khanga. Fungu la majani analichukua vilevile.